Uzi: Kupaka rangi herufi na nembo za magari ya zamani kwa mkono, usikimbilie stika

#1 Mkono Mtulivu

Wakuu, habari zenu.

Kwenye mada za magari ya zamani watu tunaongea sana injini, bodi na rangi kubwa ya gari. Vile vidogo vinavyolipa gari sura yake, yaani nembo ya boneti, herufi za teligeti (mlango wa nyuma wa pikapu), wilkapu, maandishi ya swichi za dashibodi, vinaachwa mpaka dakika ya mwisho, halafu mtu anaenda kukatiwa stika. Mimi kazi yangu ni herufi. Nilianzia kwenye mabango ya maduka na milango ya pikapu za biashara, siku hizi kazi nyingi zinazonijia ni za Land Rover, Volkswagen, Datsun na Benzi za zamani. Nitaeleza ninavyofanya, na kwa nini naamini kazi hii ni ya mchora mabango kuliko ya fundi wa bunduki ya kupulizia rangi.

Kwanza isome nembo kabla hujafungua kopo. Rangi ya kiwandani haiishi yote. Inabaki kwenye kona za ndani za herufi kama E na R, chini ya ukingo, nyuma ya kichwa cha skrubu. Lowanisha kidogo, mulika tochi kutokea ubavuni, utaiona. Hiyo ndiyo sampuli yako, na inazidi picha yoyote ya mtandaoni, maana kila simu inaonyesha rangi yake. Piga picha kabla hujafuta chochote.

Pili, jua umeshika kitu gani. Nembo nyingi za miaka ya 50 na 60 ni zinki iliyomiminwa kwenye kalibu, ikapigwa nikeli, juu yake kromu. Hiyo kromu ya juu haifiki hata mikroni moja. Unene uko kwenye nikeli iliyo chini. Kwa hiyo msasa kwenye kromu ni marufuku. Ukipitisha kidogo tu unatokea kwenye nikeli, inakuwa na umanjano hafifu, inafubaa, na hakuna polishi itakayoirudisha. Ukiona vipele vimevimba kama upele, ujue zinki ya chini imeanza kuoza, na rangi haitaponya hilo.

Mapambo mengine ni alumini iliyofanyiwa anodaizi, ina ngozi ngumu isiyo na rangi juu yake. Hapa adui ni kostiki soda. Kuna gereji zinaitumia kung'olea rangi kuukuu. Kwenye chuma sawa, ila kwenye alumini inakula ile ngozi, na ukanda unatoka mweupe usio na uhai. Nyingine ni plastiki iliyopakwa kromu, hiyo ukiigusa na thina inalainika mkononi mwako. Plastiki isafishe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, basi.

Sasa rangi yenyewe. Natumia enameli, rangi ya mafuta inayokauka polepole. Waingereza wana vikopo vya Humbrol vya ml 14, wanavyopakia magari na ndege za kuchezea, vinafaa sana kwa nembo. Namba 33 ni nyeusi isiyong'aa, 21 ni nyeusi inayong'aa, 19 nyekundu inayong'aa. Wachora mabango wa Marekani wanaapa kwa 1 Shot, ina rangi nzito inayofunika kwa mpako mmoja. Ukikosa zote mbili, chukua rangi ya mafuta ya kawaida ya duka la vifaa vya ujenzi, ichuje kwenye soksi ya nailoni, ukubali kupaka mara mbili.

Kwa nini enameli? Kwa sababu inayeyushwa na tapentaini, na tapentaini haiumizi kromu wala rangi ya bodi iliyokwisha kukauka, iwe selulosi (ya thina, inayokauka haraka) au rangi ya hadina (inayochanganywa na kigumishi). Ukivuka mstari unafuta, unarudia, hakuna aliyejua. Anayejaza nembo kwa rangi ya gari iliyochanganywa na thina hana nafasi hiyo. Ikigusa pembeni imegusa, na thina ya kufutia inaondoka na rangi ya bodi.

Ujazaji wenyewe. Osha nembo kwa sabuni na mswaki laini, suuza, kausha, pangusa na spiriti, na baada ya hapo usiguse uso wake kwa kidole. Chonga kijiti cha kiberiti, gundisha kipande kidogo cha msasa kwenye ncha, kwaruza chini ya mfereji tu, pale rangi itakapokaa. Kama chini kuna zinki au alumini tupu, pitisha praima (rangi ya chini) ya kung'ata chuma, nyembamba mno. Kisha chovya brashi ndogo, namba 000 au ndogo zaidi, uweke tone katikati ya mfereji. Usipake. Weka tone, lisukume kidogo, liache. Rangi ikiwa na wepesi unaofaa inatambaa yenyewe mpaka kwenye kuta za herufi na kusimama hapo, kona inajaa bila brashi kuifikia. Isipotambaa ni nzito, ongeza tapentaini kwa ncha ya kijiti cha meno. Ikipanda juu ya ukingo umezidisha.

Halafu kile ambacho wengi hawakijui. Chukua kadi ya benki iliyokwisha muda, izungushie kitambaa cha pamba kisicho na nyuzi nyuzi, fulana kuukuu inatosha, kivute kikaze kabisa kama ngozi ya ngoma. Gusisha tapentaini kidogo, kisha gusa karatasi uondoe ziada. Rangi ikishakaza juu, pitisha kadi ikiwa bapa kabisa juu ya nembo, mara moja, upande mmoja, geuza kitambaa, rudia. Kwa kuwa kitambaa kimekazwa hakiingii mfereji. Kinachukua rangi iliyopanda kwenye vilele vya kromu peke yake, na ukingo unatoka mkali kama wa kiwandani. Hapo ndipo kazi yote ilipo. Ukitumia kidole au pamba laini, unazama ndani na kuchota ulichojaza.

Usijaze mfereji wenye kina kwa mara moja. Enameli nene inakauka ngozi ya juu kwanza, chini bado maji, matokeo yake inakunjamana. Mipako miwili myembamba, na usiku mzima katikati yake.

Karibuni kwa maswali. Herufi zilizoinuka kama za teligeti zina njia yake, nitafika huko.

#2 Landa wa Moro

Shukrani sana mkuu, somo zito. Nina Land Rover Series III ya marehemu mzee, naiinua taratibu. Shoo yake ya mbele (grili) ni plastiki, kuna fundi ananiambia nitafute ya chuma ili iwe "orijino". Na yale marungu ya giya za chini, nipake rangi gani? Yamekwanguka yote.

#3 Mkono Mtulivu

Landa wa Moro, pole na hongera kwa kuitunza ya mzee. Shoo yako iache. Series III ilipotoka 1971 ilikuja na shoo ya plastiki, hiyo ndiyo orijino yake. Za waya za chuma ni za matoleo ya kabla. Isafishe kwa sabuni, usikubali mtu aisogeze karibu na thina.

Marungu: lile la kuingizia magurudumu yote manne ni la njano, lile la kubadilisha kati ya mwendo wa juu na wa chini ni jekundu. Dereva asiyelijua gari anapaswa kuona mara moja anashika nini, kwa hiyo rudisha rangi hizo hizo, usibuni. Pale mkono unashika kila siku, na jasho na mafuta vinalainisha rangi, kwa hiyo kwaruza vizuri, praima, mipako miwili, kisha yaning'inize kwa waya wiki nzima kabla ya kuyafunga.

Na kama utapata bamba la zamani lenye SOLIHULL WARWICKSHIRE ENGLAND, tafadhali usilipige buffa (mashine ya kung'arishia). Zile herufi ni ndogo na hazikuinuka sana, buffa inazilaza zote.

#4 Binti Kisauni

Assalam aleikum. Mie niko Mombasa, nina Beetle ya 1964. Nilimpa kijana wa gereji wilkapu zote nne, alama ya VW apake nyeusi. Ilipokauka ikawa na utando mweupe, weusi wenyewe umekuwa kijivu. Kaniambia ni kromu mbovu. Ni kweli hayo?

#5 Mkono Mtulivu

Waaleikum salaam dada. Kromu yako haina kosa. Hiyo ni rangi ya selulosi iliyopakwa kwenye hewa yenye unyevu. Thina inapopaa haraka inapoza uso wa chuma, mvuke wa hewani unageuka maji juu ya rangi mbichi, unanaswa ndani, ndio utando huo. Pwani ni ugonjwa wa kawaida, hasa asubuhi na mapema na msimu wa mvua. Enameli haina tabia hiyo sana kwa sababu inakauka polepole.

Ing'oe kwa thina na pamba za masikio (wilkapu zako ni chuma, hakuna plastiki), osha, anza upya na enameli. Anza saa nne asubuhi jua likishakausha hewa, fanyia kazi ndani ya chumba, wilkapu isiwe ya baridi wala isiwe imetoka juani. Ukimaliza ifunike na beseni lililoinuliwa kidogo ili hewa ipite na vumbi lisitue.

#6 Ole Gereji

Mkuu nakuheshimu ila tuseme ukweli wa soko. Mteja anataka gari Ijumaa. Stika ya plota, mashine ya kukatia stika, nakata dakika kumi, inatoka imenyooka kuliko mkono wa binadamu yeyote. Huyo mteja wa kulipia siku mbili za nembo moja yuko wapi?

#7 Mkono Mtulivu

Ole Gereji, swali la haki kabisa, na plota ina mahali pake. Jina la kampuni kwenye mlango wa Fuso, kata stika, hakuna ubaya.

Ila kwenye nembo stika inashindwa kwa sababu za kimaumbile. Inataka uso bapa, na mfereji wa herufi una kuta na kona. Ukiiweka juu ya herufi zilizoinuka inakaa kwenye kilele tu, ukingo wake uko wazi, maji ya kuoshea gari yanaingia, jua linaikunja. Halafu ule unyofu uliousifia ndio unaoisaliti. Herufi zilizogandamizwa kwenye bati hazikunyooka kihivyo, kona zake ni za mviringo kidogo na unene wake unabadilika. Stika iliyonyooka juu ya bati lisilonyooka inaonekana kutoka upande wa pili wa barabara.

Mteja yupo. Nairobi kuna Concours d'Elegance pale Ngong Racecourse, shindano la magari yaliyotunzwa, majaji wanachungulia gari mpaka uvunguni. Mwenye gari la kupeleka pale hatakuuliza kuhusu Ijumaa. Hata mtu wa kawaida aliyerithi gari la baba yake, ukimwekea mezani nembo mbili, moja ya stika na moja ya brashi, sijaona anayechagua ya stika.

Na nikwambie jambo moja. Rolls-Royce pale Goodwood, Uingereza, wenye uwezo wa kununua mashine yoyote duniani, ule mstari mwembamba wa ubavuni unachorwa kwa mkono, kwa brashi ya manyoya ya kindi na ng'ombe. Mchoraji wao aliyejulikana kwa kazi hiyo, Mark Court, alitokea kwenye kuchora mabango. Walipotaka mkono wa kuvuta mstari hawakwenda kwa mpiga bunduki. Hapa kwetu wachora mabango wa namna hiyo tunao, wamekaa hawana kazi kwa sababu ya plota, na sisi tunalalamika hakuna mafundi wa magari ya zamani.

#8 Mhandisi Upanga

Nyongeza kidogo. Baadhi ya nembo za zamani zile rangi zake si rangi, ni kioo. Unga wa kioo unawekwa kwenye vyumba vya shaba, unachomwa kwenye tanuru kwenye nyuzi joto za mamia, unayeyuka na kushikana na chuma. Nimeona mtu amepaka rangi ya mafuta juu yake, inauma sana. Utaitambuaje: gusa kwa ncha ya sindano. Rangi inakwaruzika, kioo kinateleza.

Jingine la usalama. Mishale na namba za mita za zamani sana zilizotengenezwa kung'aa gizani, zile za kabla ya miaka ya 1960, zinaweza kuwa na radiamu. Haitoi mwanga tena lakini mionzi bado ipo. Usikwangue, usipulize vumbi lake, usifungue kioo cha mita hiyo. Na rangi kuukuu nyingi zina risasi, kwa hiyo msasa wowote uwe wa maji.

#9 Mkono Mtulivu

Mhandisi, Mungu akubariki, hasa hilo la mita. Kwenye nembo ya kioo iliyomeguka mimi najaza pengo peke yake kwa gundi ya epoksi iliyotiwa rangi, kioo kizima sikigusi. Haitakuwa kama tanuru, ila inazuia maji yasipenye chini na kubandua kilichobaki.

#10 Pikapu ya Nakuru

Mkuu uliahidi teligeti. Niko na Datsun pickup, herufi DATSUN zimeinuka kwa bati, bodi nimepaka bluu, nataka nyeupe juu. Boy mmoja wa spray aliweka maskingi tepu, ikavuja chini ya tepu kila mahali.

#11 Mkono Mtulivu

Ndugu wa Nakuru, tepu haiwezi kufunga vizuri ukingo wa mviringo, na herufi za bati kingo zake ni za mviringo. Achana nayo.

Ishushe teligeti, ilaze mezani kwa urefu wa kiuno. Rangi ya bodi iwe imekauka kweli kweli, hata wiki kadhaa. Kwaruza vilele vya herufi kwa msasa wa maji namba 800 au 1000, ukiufungia kwenye kipande cha mbao ili usiteleze kwenye bonde. Pangusa na tapentaini, kisha kitambaa kikavu.

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni rola ndogo ya sponji ngumu. Imimine rangi kwenye kigae, zungusha rola mpaka inakaribia kukauka, ijaribu kwenye gazeti hadi iache alama hafifu. Kisha ipitishe juu ya herufi bila kugandamiza. Inagusa kilele tu. Ni ya haraka, inafaa kama vilele ni bapa na sawa. Teligeti iliyobebeshwa mizigo miaka arobaini haiko sawa, itaruka mabonde.

Ya pili ni brashi, na hiyo ndiyo naipenda. Tumia brashi ya kuandikia mabango, manyoya marefu yenye ncha iliyokatwa bapa, upana wake ukaribie nusu ya mguu wa herufi. Rangi usiichote moja kwa moja kwenye kopo. Mimina kidogo kwenye kadi, vuta brashi huku na huku mpaka manyoya yote yamelowa na ncha imekuwa bapa. Mkono wa kulia uegemee kwenye fimbo iliyozungushiwa kitambaa kichwani, fimbo hiyo ishikiliwe na wa kushoto. Kidole cha mwisho kinagusa bati kama mguu wa bikari. Sasa anza ndani kidogo ya ukingo, gandamiza manyoya yatanuke mpaka yafike kwenye kingo, kisha vuta kwa bega. Ukivuta kwa vidole mstari unatetemeka. Ukivuta kwa bega unanyooka. Ukifika kona, unainua taratibu huku unaizungusha brashi kati ya kidole gumba na cha shahada, manyoya yanajikusanya kuwa ncha, kona inafungwa kali bila kurudia.

D na S ndizo zitakazokupima. Kwenye S usijaribu kupita mara moja. Vuta tumbo la katikati kwanza, kisha kichwa, kisha mkia, zikutane rangi ikiwa bado mbichi, zitajiunga zenyewe. A ina pembe ya ndani, hapo badilisha brashi, chukua ndogo.

Nyeupe ya mafuta ina tabia ya kugeuka njano, hasa gari likikaa gizani miezi mingi. Kwenye teligeti inayopigwa jua kila siku haina shida. Ndani ya dashibodi tumia akriliki.

#12 Binti Kisauni

Hapo kwenye dashibodi, swichi zangu zina vijiandishi vilivyochimbwa, vimejaa uchafu, havisomeki. Brashi itaingia kweli?

#13 Mkono Mtulivu

Dada, hapo brashi haihitajiki kabisa. Toa uchafu kwa kijiti cha meno na maji ya sabuni, kausha. Chukua krayoni nyeupe ya watoto, iwe ngumu, isugue juu ya maandishi kwa njia ya msalaba mpaka nta ijae. Kisha pitisha ile ile kadi yenye kitambaa kilichokazwa, kikavu, bila tapentaini. Juu inasafishika, ndani inabaki nyeupe. Nta ikichoka unaisugua tena, swichi haijaumia. Kwenye gari linaloachwa juani joto linailainisha, basi hapo tumia akriliki nyeupe, ujaze na ufute kwa kitambaa chenye maji kabla haijakaza.

#14 Ole Gereji

Nimekusoma mkuu. Kuna mzee hapa jirani alikuwa anaandika mabango, nitaongea naye. Swali la mwisho: nikishamaliza nembo, nipige kilia (vanishi angavu) juu yake ili idumu?

#15 Mkono Mtulivu

Kilia ya hadina usiweke. Thina yake inakunja enameli ambayo haijakomaa, na kwenye kromu haishiki, mwaka mmoja inaanza kubanduka vipande vipande na inaondoka na kazi ya mzee. Enameli iliyokomaa inajitosheleza.

Mpe huyo mzee nembo ya mazoezi kwanza, ile iliyovunjika pini, aizoee kadi na tapentaini. Mkono anao tayari, kadi na tapentaini ndivyo vigeni kwake. Na mkubaliane malipo kwa nembo, sio kwa siku, asije akakimbizwa.

Gari likitoka, wiki mbili za mwanzo lioshwe kwa maji na kitambaa tu, hakuna polishi ya kromu. Polishi ina unga wa kusugua, unafuta kingo za herufi kabla hazijakomaa. Baada ya hapo nta ya kawaida ya gari, ipakwe kwa kidole juu ya nembo, ifutwe kwa mswaki laini ili isibaki nyeupe kwenye kona.